Kiganja cha Nyongeza

Mdogo wangu anauza mchele sokoni Masumbwe, jirani na meza yangu ya mitumba, na kwa muda mrefu mwalimu wake wa biashara nilikuwa mimi. Kisha akapata mwingine ndani ya simu: mwanamke wa Dar es Salaam mwenye kucha ndefu na wafuasi wengi kuliko watu wa wilaya yetu. Alifundisha akiwa ameketi kwenye sofa jeupe. Mtu mwenye sofa jeupe namshuku. Ama hana watoto, ama halikalii.

Alisema bidhaa ifungwe, bei isibishaniwe, mteja asiyejua thamani yako mwache apite. Mdogo wangu akanunua mizani, akafunga mchele wote kilo kilo, kopo la kupimia akalisukumia uvunguni. Mama mmoja, mteja wetu wa siku zote, akaja na beseni, akaomba kilo na nyongeza. Akajibiwa kwa sauti ya sofa kwamba kilo ni kilo, mpenzi.

Mama akanigeukia mimi. "Huyu mtoto anaumwa?"

Akahamia meza ya mbele, wengine nyuma yake. Huo nao ni ufuasi. Mnada ukakaribia, mifuko bado imejipanga kama wanafunzi mstarini, na mwenye meza ameshasema kodi isipolipwa siku ya mnada, meza anampa muuza dagaa wa Chato.

Nilidhani mdogo wangu anapunja. Nikanunua kopo la mchele wa meza ya mbele, lililojazwa kilima na kuongezwa kiganja, nikalipima kwenye mizani yake. Nikapima tena, maana mara ya kwanza huwa siiamini. Halikufika kilo, na bei ni ileile. Watu walikuwa wanaukimbia mchele mwingi kwenda kuchukua mchache, kwa sababu kule waliona mkono ukirudi guniani kwa ajili yao.

"Mwalimu wako hajakosea," nikamwambia, "ila yeye hauzi Masumbwe. Fungua mifuko, toa kiganja kimoja kimoja, weka pembeni. Mtu akilipa, mwongeze."

"Si ni mchele wake mwenyewe huo, dada?"

"Ni wake. Lakini aone unampa."

Siku ya mnada yule mama akapita. Mdogo wangu akamwahi kwa shikamoo, akautia mfuko kwenye beseni lake, akammwagia kiganja juu. Mama akasubiri, beseni likiwa bado limenyooshwa. Akamwagiwa kingine.

"Umepona," mama akasema.

Kufikia alasiri kodi ilikuwa imelipwa. Mdogo wangu akajirekodi akimshukuru mwalimu wake wa sofa. Niliitazama video mara mbili, sikutajwa popote. Sikununa. Muuza karanga wa pembeni, ambaye simu yake ni ya tochi na hamfuati mtu yeyote mtandaoni, alikuwa tayari anafunga vipakti na kubakiza kiganja kando, macho yakiwa kwenye meza yetu.