Mama Utepe Ahesabu Vidole

Walimwita Mama Utepe kwa sababu ya nta. Kazi yake ilikuwa kukata taya za vijusi vya panya zilizozamishwa ndani ya nta, vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, vikishikana kimoja na kingine hadi vitoke kwenye mashine kama utepe. Shule aliishia darasa la saba. Aliingia maabara kuosha vioo, akawa anachungulia chumba cha kukatia, mpaka mkataji alipougua akaketi yeye. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja, na bado kila jioni alirudi mara mbili kuhakikisha kisu kimefunikwa. Binti zake walimcheka kwamba hata jiko lililozimwa jana analiulizia.

Vipande viwili vilivyopakana kwenye utepe vilibandikwa kwenye vioo, vikafanyiwa kazi mbili. Cha kwanza kilitiwa dawa iliyogeuka zambarau mahali jeni inapotoa agizo. Cha pili kilitiwa dawa iliyogeuka kahawia mahali ilipokaa protini, yaani kile kilichoagizwa. Ukiviweka sambamba unaona jino linavyojengwa.

Balaa lilianzia hapo. Kijusi cha siku kumi na nne na nusu, jino lake huwa limeshakuwa kama kofia, na katikati pana kifundo cha seli ambamo protini ile hujaa. Taya thelathini za safari hii hazikuwa na kifundo hata kimoja.

"Ama umeruka katikati ya jino, ama umechanganya vioo," Daktari, mkuu wa maabara, alisema, macho kwenye karatasi zake. "Kazi ya miezi mitatu imekwenda na maji, na Ijumaa nina wageni. Jumatatu urudi kuosha vioo, Mama. Macho yako yapumzike."

Hilo la macho ndilo lililomchoma. Lakini mkono wake aliujua. Alichukua taya moja iliyobaki, akaikata mwanzo mpaka mwisho bila kuruka kipande. Hakukuwa na kofia wala kifundo. Jino lilikuwa kichipukizi tu.

Basi kosa halikuwa la kisu.

Akashusha chupa ya spiriti yenye miili iliyobaki baada ya vichwa kukatwa, akaweka mguu mmoja chini ya hadubini. Mwanamke aliyezaa watatu huhesabu vidole vya mtoto kabla ya kuuliza jingine lolote. Hivi vilikuwa vimeunganishwa na ngozi kama mguu wa bata. Akatoa mguu wa kijusi cha mwaka jana, cha siku zile zile kumi na nne na nusu: ncha za vidole zilikuwa zimeshaachana.

"Hawa bado wachanga," alijiambia, akaenda chumba cha panya.

Mtunza panya alikuwa mstaafu mwenye masharubu ya mvi, aliyeanza kazi miezi minne tu iliyopita na ambaye husalimia panya kabla ya watu.

"Kaka, ukiona alama kwamba dume amempanda jike, siku hiyo unaihesabuje?"

"Ya kwanza."

"Si nusu?"

"Dada, jua limewaka, mimi nipo, panya yupo. Niiite nusu kwa kosa gani?"

"Na wakikuambia kumi na nne na nusu?"

"Nahesabu kumi na nne, nangoja adhuhuri, nawatoa. Nusu si ndiyo hiyo?"

Mama Utepe akakaa juu ya gunia la chakula cha panya, akacheka mpaka machozi. "Huku, adhuhuri ya siku ile ya alama ndiyo inaitwa nusu. Umewatoa siku nzima mapema, kaka."

Mzee akayatazama matundu ya panya wake. "Nimewaonea, basi."

Alhamisi asubuhi Mama Utepe alimwekea Daktari miguu yote miwili. Akamweleza hesabu ya mtunza panya. Daktari aliinama kwenye hadubini muda mrefu, kisha akaagiza vioo vyote virudishwe mezani. Safari hii alivisoma kama vya siku kumi na tatu na nusu, akaona alichokuwa hajawahi kukiona: zambarau imeshakusanyika kwenye ncha ya kichipukizi, kahawia bado imetapakaa pembeni. Agizo limetoka, mzigo haujafika.

"Siku hii sikuwa nayo kwenye utafiti wangu," alisema taratibu. "Nisamehe, Mama. Nilikuvunjia heshima."

"Nimesamehe. Ila hiyo Jumatatu ya kuosha vioo uifute kwenye ratiba wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

Akaifuta mbele yake.

Ijumaa, ukumbini, mgeni mmoja alitaka kujua umri wa vijusi ulithibitishwa vipi. Daktari alinyoosha mkono kuelekea safu ya nyuma. Mama Utepe alisimama, koti jeupe limepigwa pasi mara mbili.

"Nilihesabu vidole," alisema.

Watu walicheka, kisha wakaanza kupiga makofi. Alingoja watulie, maana alikuwa hajamaliza, na alikuwa na mengi ya kuwaeleza.