Mlango Uliotabiriwa na Hosea

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Bula Pesa, Isiolo, kabla kila nyumba haijapata choo chake cha ndani, mlango wa choo ulikuwa mali ya umma. Ploti yetu ilikuwa na familia sita, choo kimoja cha shimo, na mlango mmoja wa mabati uliopakwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupakwa lori la mume wa Mama Halima, mwenye ploti. Ulilia kama punda kila ulipofunguliwa. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, hadi vumbi likatuingia masikioni, tukanawa mikono nusu nusu, tukang'ang'ania mikate ya anjera kwenye sinia moja. Watoto wa leo wakiona vumbi kwenye kiatu wanaitisha kitambaa.

Nilipokuwa darasa la tatu, mvua ya Aprili ilikuja kwa hasira. Laga, ule mto mkavu ulio nyuma ya ploti, ulifurika asubuhi moja, ukang'oa mlango wetu na kwenda nao.

"Sasa umeshafika mto Ewaso," alisema Mama Halima akiwa amejishika kiuno. "Mamba wa huko wanajisaidia kwa stara."

Mlango mpya ungengoja lori lirudi kutoka Moyale. Kwa wakati huo, mmoja akiingia, mwingine alisimama nje akimshikia leso kama pazia. Watu wazima walizoea. Mimi nilishindwa. Nilikuwa mtoto wa kuwaza kila jambo mpaka liote mizizi: upepo ukivuma je? Mchungaji akipita je? Na mshika leso wangu alikuwa binamu yangu Ekai, ambaye hakutosheka kunicheka. Alitangaza, kama mtangazaji wa mpira redioni.

"Akiru anaingia eneo la hatari! Anajipanga! Anapiga... laaa, amekosa!"

Nikagoma. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Siku ya tatu, Jumapili, niliketi kanisani nikiwa nimepinda kama ndoano, jasho likinitoka, nikiogopa hata kuimba.

Mwalimu Kinoti wa shule ya Jumapili alitufundisha siku hiyo kwamba majina ya Kiebrania hayakutolewa ovyo. Akori, alisema, maana yake ni taabu. Bonde la Akori liliitwa hivyo kwa sababu mtu mmoja aliiba mali ya vita, akawaletea Waisraeli wote balaa, wakamwadhibu palepale. Lakini miaka mingi baadaye nabii Hosea akatabiri kwamba Mungu atalifanya bonde hilo la taabu kuwa mlango wa matumaini.

Wenzangu walikuwa wakihesabu nzi. Mimi nilisimama wima kwa mara ya kwanza siku hiyo. Bonde. Taabu. Mlango. Kulikuwa na nani mwingine Isiolo nzima ambaye maneno hayo yangemhusu?

"Mwalimu, huo mlango ni wa mbao ama wa mabati?"

"Ni wa kiroho, Akiru."

"Lakini unafungika?"

"Kaa chini."

Ibada ilipoisha nilimvuta Ekai hadi kwenye laga. Maji yalikuwa yamepungua, yameacha tope.

"Tunatafuta nini?" akauliza.

"Unabii."

"Kama unabii umefika Gotu kule mbali, mimi siendi."

Tulifuata laga kuelekea chini. Tuliona sufuria isiyo na kitako, ndara mbili za mguu wa kushoto, na mbuzi aliyetutazama kana kwamba tumemwibia njia. Kila hatua ilikuwa mtihani. Nilitembea magoti yakiwa yamebanana. Na kwenye kona ya tatu tukauona. Mlango wa kijani ulikuwa umenaswa kwenye mgunga, umesimama wima kabisa.

Ekai, asiyewahi kuamini chochote, aliubisha. "Hodi!"

Hakuna aliyeitika. Nilijua sitafika nyumbani. "Ekai, geuka uangalie mlima," nikamwambia, nikazunguka nyuma ya mlango, nikachuchumaa bondeni. Kwa mara ya kwanza hakutangaza chochote. Nilipotoka, nikiwa mwepesi kama unyoya, aliuliza kwa heshima tu, "Na mimi?"

Tuliubeba vichwani hadi nyumbani. Mama Halima aliacha kuchambua mchele.

"Mashallah! Nani aliwaambia uko huko?"

"Hosea," nikasema.

"Hosea yupi, yule wa kuziba pancha? Mwambieni aje anywe chai!"

Siku hizi nina shahada, ninangoja majibu ya barua za kazi, na vijana wa ploti yetu wakitaka kujua maana ya jina lolote wanauliza simu, nayo inawajibu kabla hawajachafua unyayo. Siwacheki sana, maana nimekuwa kama wao. Juzi nilitafuta maana ya Akori. Nikasoma maelezo ya wasomi sita, wawili wakipingana na wanne waliobaki, nikaandika maswali kurasa mbili, nikaishia kuumwa na kichwa. Zamani nililisikia neno hilo saa nne asubuhi, na kabla ya saa saba nilikuwa nimeshajisaidia.