Walipima Mkojo, Koo Wakaliacha

Mwaka wangu wa pili Doha, nikifanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, chakula kilianza kunikwama nyuma ya mfupa wa kifua. Kwanza wali, kisha mkate, mwisho hata maji. Kisiposhuka, kilirudi vilevile nilivyokimeza, bila uchungu wa nyongo.

Hilo la uchungu nilimweleza daktari wa kliniki ya kampuni. Hakuliandika. Alisoma barua ya msimamizi wangu iliyosema natapika, akanipa kikopo nikakojoe. Pale kazini mwenye mimba alirudishwa kwao, na hicho tu ndicho walichotaka kujua. Sikuwa na mimba. Nikapewa vidonge vya kiungulia.

Katika miezi saba nilirudi mara tatu zaidi, na kila mara kikopo. Nilimwambia msimamizi, mwanamke mwenzangu, kwamba mume wangu yuko Tanga na sijamwona tangu nije. Akajibu kwamba wote husema hivyo. Sare ilinipwaya hadi nikaifunga kwa pini, na bado walikuwa wakinitazama tumbo.

Jirani yetu katika mtaa wa Najma tulikoishi, Mkenya anayepiga picha za eksirei hospitalini, alinikuta siku moja nimesimama jikoni nikinyoosha shingo ili tonge lishuke. Aliniuliza kama kinachorudi kina uchungu. Nusura nilie. Wiki hiyohiyo akanipeleka kwa daktari wa hospitali yao, naye akaagiza picha.

Nilisimamishwa mbele ya mashine, nikanywa dawa nyeupe nzito kama chokaa. Jirani akanigeuzia skrini. Umio wangu, njia ya kupitisha chakula, ulikuwa umetanuka kama mfuko, na chini umechongoka kama mdomo wa ndege. Dawa ilikuwa imesimama pale.

"Mlango wa kuingia tumboni haufunguki," alisema. "Dada, hii haijaanza jana. Nani amekuwa akikutibu?"

Nikamtajia daktari wa kliniki ya kampuni.

Waliniingiza kooni mpira wenye kamera, wakahakikisha si saratani. Kipimo cha nguvu ya misuli ya umio kikathibitisha kile picha ilichoonyesha. Mlango ule ukapanuliwa kwa puto, na baada ya siku chache nikala wali na samaki nikiwa nimeketi.

Niliporudi kazini nilipitia kliniki ya kampuni na ripoti yangu. Daktari aliisoma, akasema dalili zilifanana na za asidi ya tumbo.

"Mara nne ulinipima mkojo," nikamwambia. "Hata mara moja hukuniuliza nikimeza inakuwaje."

Akamwita mgonjwa mwingine. Nikabaki mlangoni, nikamwambia aandike ugonjwa wangu kwenye faili mbele ya macho yangu. Mgonjwa aliyeitwa alisimama nyuma yangu, akangoja bila kunisukuma. Daktari aliandika mstari mmoja. Nikamtaka anisomee. Akanisomea, sauti chini, bila kuniangalia.