Kijani Ndani ya Dhahabu

Mke wangu hakosei, na usiponiamini muulize mwenyewe. Nimeishi naye tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na katika miaka yote hiyo nimemsikia akisema "nilikosea" siku moja tu. Siku hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia. Lakini kwanza mumjue, maana si haki mtu kupimwa kwa siku moja.

Kazi yake ni kupima noti za dhahabu. Si pesa za kununulia sukari hizo. Ni noti za kuweka, zenye sura ya pesa, ila ndani yake kuna dhahabu halisi iliyotandazwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ikafungwa katikati ya plastiki mbili. Watu huzinunua wakaoneana fahari: mtu anastaafu, anapewa noti, mtoto anaoa, anapewa noti. Halafu inafungiwa kabatini, na haitoki mpaka aje mgeni wa kutambiwa. Na palipo na dhahabu hapakosi wajanja. Zipo noti za plastiki tupu iliyopakwa manjano, nazo zinang'aa kuliko dhahabu yenyewe, kwa sababu muongo siku zote hupiga kelele kuliko mkweli.

Alijifunza dhahabu angali msichana, kwa sonara mmoja aliyemwajiri kung'arisha pete. Sonara alipofunga duka, mke wangu alitoka na mizani ndogo, lenzi ya kubana jichoni na ukali ambao sonara alikuwa hana pengine pa kuuacha. Akachagua chumba chetu cha mbele, chenye dirisha kubwa, akaweka meza. Kiti changu cha kupumzikia kikahamia uani. Sikuulizwa.

Kupima kwenyewe si uchawi. Kwanza anaipima noti uzito. Kisha anaisoma kwa lenzi, maana zile halisi zina maandishi madogo ambayo mwigaji huwa anayachafua. Mwisho kabisa anakwenda dirishani na kuinua noti juu, jua lipite. Dhahabu ikiwa nyembamba kiasi kile, mwanga hupenya, na ukipenya hutoka wa kijani. Juu ni manjano, ndani ni kijani. Noti bandia ama inazuia mwanga kabisa ama inatoa kahawia kama chai ya rangi. Mimi ni fundi rangi mstaafu, nimepaka nyumba nusu ya mji huu, na nilidhani hakuna rangi nisiyoijua. Siku ya kwanza aliponionesha kijani kile nilitafuta pa kukaa.

Kwa ajili ya dirisha lile watu walimbandika jina la Mama Mwanga. Wageni mtaani wakilisikia walikuwa wanavuka barabara, wakidhani ni mwanga wa kuwangia watu usiku. Yeye hakujali. Alisema wateja waoga humpotezea muda.

Ana desturi moja ambayo sijaisikia kwa mpimaji mwingine. Noti ikionekana bandia, humwomba mwenyewe ruhusa ya kuitoboa pembeni kwa kile kichuma cha kutobolea karatasi, isije ikatoka hapo ikamdanganya mwingine. Viduara vinavyodondoka hutumbukia kwenye kopo chini ya meza. Aliyekataa noti yake isitobolewe hakulazimishwa, ila hakusalimiwa tena.

Basi mwaka jana nikaanza kusikia kwamba shati zangu nyeupe si nyeupe. Nikizifua, ananiambia zimefubaa, nikazifue tena. Nikabadilisha sabuni. Halafu ikawa taa: balbu za siku hizi hazina nguvu, na mimi kila mara juu ya kiti nikibadilisha balbu nzima kwa balbu nzima. Chai akaimimina mpaka kwenye kisahani, akasema kikombe ndicho kilichojaa upesi. Nilinung'unika, kama ilivyo haki yangu, lakini sikuunganisha moja na jingine. Mtu akikuambia kila siku kwamba wewe ndiye mwenye kasoro, unazoea.

Ndipo akaja mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, binti wa makamo ambaye hutuletea mkate mlangoni asubuhi. Siku hiyo alikuja na noti ya marehemu baba yake. Mzee yule alikuwa karani wa bohari, mtu wa kuhesabu misumari, na alipostaafu wenzake walichanga wakampa noti ya dhahabu mbele ya watu. Aliipenda mno. Kwa kuogopa vumbi, akaifunika kwa nailoni yenye gundi, ile ya kufunikia vitabu vya shule. Wenye noti hizi ndivyo walivyo, wanaziharibu kwa kuzitunza. Nailoni iliongeza uzito, mizani ikawa haina la kusema. Gundi ilifanya ukungu, lenzi nayo ikashindwa. Kuibandua kungezivuta plastiki zenyewe na kuichana dhahabu. Likabaki dirisha peke yake.

Mke wangu aliiinua noti ile, akaitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akasogea, akaigeuza, akatazama tena. Akamwambia mwoka mikate kwa upole kwamba hiyo si dhahabu, na akaomba ruhusa. Binti akasema sawa, toboa. Kichuma kikabana, binti akaifunga noti kwenye kitambaa akaenda zake.

Siku zikapita. Mikate ikaendelea kuja, ila mletaji akawa hakai kwa mazungumzo. Asubuhi moja nilimuuliza kulikoni, naye akanieleza hapohapo mlangoni, bila lawama. Kaka yake mkubwa alikuwa amewakusanya ndugu. Akasema baba alikabidhiwa noti halisi, watu wote walishuhudia. Kama leo ni bandia, basi baba aliiuza halisi kwa siri, akala, akawaachia wanawe plastiki waendelee kumsifu. Wakaishusha picha yake ukutani.

"Baba yangu akizidishiwa chenji dukani alikuwa anarudi kwa miguu kuirudisha," aliniambia. "Sasa hata mimi najikuta namtilia shaka. Hilo ndilo linaloniuma, mzee wangu."

Akanipa mkate, akaondoka. Nilikosa hamu ya kuula.

Nilipokuwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani, nikatafuta kazi ya kufanya. Kopo la viduara lilikuwa limejaa. Nikalipeleka uani nikalimwage. Kiduara kimoja kikanasa kidoleni kwa sababu kilikuwa na gundi, nikajua ni cha noti ya karani. Nilikiinua nikibandue, na jua lilikuwa mbele yangu.

Kilikuwa kijani.

Nilikigeuza upande wa pili. Kijani. Nikachota vingine koponi nikavitazama kimoja kimoja: cheusi, kahawia, cheusi, kahawia, halafu kijani tena. Hapo nikaacha.

Niliogopa, sifichi. Si kwamba nilimwogopa yeye, ingawa hilo nalo nimelizoea. Nilimwogopea. Mwanamke huyu hana mali nyingine zaidi ya kuaminika kwake. Lakini kulikuwa na mzee kaburini anayeitwa mwizi na wanawe, na yeye hakuwa na mdomo wa kujitetea. Nikaingia ndani.

"Mama watoto, njoo dirishani mara moja."

Nilikibandika kile kiduara kwenye kioo, nikamuuliza anaona rangi gani. Akasema kahawia, na kwani leo nimegeuka mwalimu? Nikaenda kuchukua kadi yangu ya rangi, ile tuliyokuwa tukiwaonesha wateja wachague rangi ya kuta. Nikagusa kijani kibichi, akasema kijivu. Nikagusa bluu ya mbali kabisa na hiyo, akasema kijivu pia, ila chafu. Kisha akanitazama usoni.

"Hiki cha kwanza ni kijani," nikamwambia. "Na hicho kilichoko kwenye kioo ni kijani. Ni cha noti ya baba yake mwoka mikate."

Nilitegemea ubishi. Mke wangu hubishana hata na redio. Hakubisha. Alifumba jicho moja, akatazama. Akafumba la pili, akatazama. Kisha akavua lenzi iliyokuwa ikining'inia shingoni, akaiweka mezani taratibu, akaniambia nivae viatu.

Nilimwomba angalau tungoje, tujue kwanza daktari wa macho atasema nini. Akajibu kwamba macho yake yanaweza kungoja, yule mzee amengoja vya kutosha.

Tulimkuta mwoka mikate na unga mpaka kwenye viwiko. Aliposikia tulilojia, alituma watu wawaite ndugu zake. Walipokusanyika sebuleni tulikaribishwa viti. Mimi nilikaa, yeye akakataa. Kaka mkubwa aliingia mwisho, mtu mrefu, mwenye heshima zake, amevaa kama anayekwenda kusikiliza kesi.

"Nilikosea," mke wangu akasema. "Noti ya baba yenu ni ya dhahabu. Bandia ni macho yangu."

Kaka mkubwa ndiye aliyejibu, na sikuweza kumlaumu kwa alilosema.

"Mama, siku ile ulisema bandia, leo unasema halisi. Sisi tukuamini siku ipi?"

"Msiniamini siku yoyote. Ndiyo maana sikuja kuwaambia, nimekuja mtazame wenyewe."

Akaomba noti iletwe. Akawaelekeza wasimame dirishani, waiinue wapi, watazame wapi, naye akarudi nyuma mpaka ukutani, asiiguse hata kwa ncha ya kidole. Alianza mdogo wao, akasema kijani. Akafuata mwoka mikate. Aliitikia kwa kichwa huku machozi yakimchora mistari kwenye unga wa mashavuni. Kaka mkubwa alikuwa wa mwisho. Aliishika noti kwa mikono miwili na kuitazama mpaka nikadhani amesahau kwamba tupo.

"Kijani," akasema. Akaketi kwenye kiti cha karibu. "Nimemtukana baba yangu mbele ya wajukuu zake."

"Ulimtukana kwa mdomo wangu, mwanangu," mke wangu akamwambia. "Mzigo huo tutaubeba wawili."

Alifungua mkoba, akatoa noti yake mwenyewe, nzima, ambayo sonara alimpa walipoagana. Akataka waichukue badala ya ile aliyoitoboa. Sikujua kama ameibeba. Mwoka mikate alimrudishia, akaufumba ule mkono wa mke wangu kwa mikono yake yenye unga. Alisema hiyo si ya baba. Ya baba ina tundu, na mgeni akiuliza wataeleza tundu limetoka wapi, na jina la baba litabaki safi.

Kaka mkubwa alitusindikiza mpaka barabarani. Hakutuambia kwamba ametusamehe. Alimsaidia mke wangu kuvuka mtaro, nikagundua kwamba hakuwa akiuona ukingo wake. Sijui ni lini alianza kuivuka mitaro kwa kukisia, na mimi nikitembea kando yake nikilalamikia sabuni.

Njiani nilimwambia ninajivunia kuwa mume wake. Sisemi maneno kama hayo mara kwa mara, na yakanitoka vibaya, kama mtu anayekohoa. Akanishika mkono. Nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda hospitali ya macho, akakubali bila masharti, na hilo nalo likanitia hofu.

Tulipofika kwenye njia ya kwetu hakukata kona. Akaendelea mbele.

"Nyumbani ni huku," nikamwambia.

"Najua nyumbani. Fundi cherehani alikuja mwezi uliopita na noti aliyoletewa na mkwewe siku ya posa. Niliitoboa. Tangu siku hiyo yule kijana hakanyagi kwao, na binti wa fundi analia."

"Huenda ile ilikuwa bandia kweli."

"Huenda. Mimi sasa sijui. Na yeye hajui kwamba sijui."

Nilitaka kumwambia kwamba jua limeanza kushuka, kwamba miguu inaniuma, kwamba baada ya fundi cherehani atakuwepo mwingine, na baada yake mwingine, na kwamba watakapomalizika hatutakuwa na mteja hata mmoja. Yote hayo yalikuwa kweli na yeye aliyajua kabla yangu. Alitangulia hatua moja, akapapasa mlango wa fundi kwa kiganja mpaka akapata pa kubisha.

"Hodi," akasema. "Ni mimi. Kuna jambo nililokuambia, sasa sina hakika nalo."