Kochi Lililopelekwa Polisi

Mwadini alikuwa fundi wa makochi huko Malvern, mtaa wa jiji moja kubwa la kusini kabisa mwa Afrika, kwenye barabara ndefu ya Jules, na kwa miaka kumi na minne hakuna kochi lililowahi kumtisha. Alitoka Buyenzi, Bujumbura, akiwa kijana mwenye sindano ya shazia mfukoni. Sasa alikuwa na hati ya ukimbizi, kibanda chake, mke aitwaye Tabia aliyeshona mapazia upande wa pili wa kibanda hichohicho, na wateja waliomfuata kutoka mbali.

Ijumaa moja asubuhi, tarehe ishirini na tisa Januari mwaka 2021, alikuwa na kazi ya haraka. Héritière, msusi wa Kikongo mwenye saluni mtaa wa La Rochelle, alitaka kochi la ngozi la kukalia wateja wake, na Mwadini alikuwa amelipata moja la maana kwenye mnada wa vyombo vya marehemu fulani. Alilipindua miguu juu ili afumue kitambaa cha chini. Akashangaa. Kiwandani hupiga pini. Hapa palikuwa na mshono wa mkono, tena wa uzi wa kuvulia samaki, kazi ya mtu asiyejua kushona hata kifungo. Akaufumua. Akapeleka mkono katikati ya springi, akagusa turubai, na ndani ya turubai kitu kirefu, kigumu, kizito. Akafunua ncha kidogo. Mtutu ukamtazama.

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga cherehani ya Tabia. Kando ya mtutu palikuwa na kifurushi cha pili, na umbo lake lilitosha kumwambia kuwa ni kasha la risasi. Aina ile ya bunduki aliijua. Ilikuwa rashasha, ile ambayo ukibana kifyatulio haisimami mpaka uachie.

Tabia alifunga mlango, akamwona mumewe ametoka jasho, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akaisikia habari ya Swedi. Swedi alikuwa kaka yake Mwadini. Mwaka mmoja wa vurugu huko nyumbani, wanajeshi waliingia Buyenzi nyumba kwa nyumba, wakakuta bunduki chini ya kitanda. Swedi alisema si yake, na kweli haikuwa yake, bali ya mpangaji aliyekwisha kimbia. Hakuna aliyemsikiliza. Alitoka na wanajeshi wale, na hakurudi.

"Bunduki ikikutwa kwako, ni yako," Mwadini alisema. "Mimi hii siigusi tena."

Wakamwita Ignace, Mkongo wa Uvira, rafiki yao mwenye pikapu, ambaye zamani alifanya kazi ya ulinzi na alizijua sheria za silaha za nchi hii. Ignace alichungulia mara moja, akajishika kichwa. Akawaeleza mambo yalivyo. Mwenyeji, au mgeni mwenye ukaazi wa kudumu, akifaulu mafunzo na mtihani, anaweza kupewa leseni ya bastola. Mwindaji wa kweli anaweza kupewa hata bunduki ya risasi kubwa ya kuangusha nyati. Lakini rashasha hakuna raia wa kawaida anayeruhusiwa kuwa nayo, hata awe nani. Na mkimbizi kama Mwadini haruhusiwi hata bastola. Kukutwa nayo tu ni kifungo, na miaka kumi na mitano si ya kushangaza. Ushauri wake ulikuwa wakaitupe kwenye vilima vya mchanga wa machimbo, wasahau.

Tabia alikataa. Bunduki iliyotupwa, alisema, huokotwa, na anayeiokota haendi kuitundika ukutani. Kisha akakumbuka kitu, akaruka alipokaa. Wiki nzima redio ilikuwa ikitangaza kipindi cha msamaha: mwenye silaha isiyo halali aipeleke polisi, hatashtakiwa kwa kuwa nayo, mradi tu silaha yenyewe isiwe imetumika katika uhalifu. Msamaha ule ulikuwa unaisha Jumapili.

Zilibaki siku mbili. Tabia akapiga simu kituoni palepale, akapokelewa na sajini mwanamke, akamweleza yote bila kuficha. Sajini akaandika jina la Tabia na saa, akasema waje moja kwa moja, silaha iwe imefungwa, isionekane, na risasi zisiwe ndani yake.

Tatizo likawa nani ataibeba. Mwadini akalitazama kochi, na ghafla akacheka, kicheko cha mtu aliyeona mlango katikati ya ukuta. Akachukua shazia, akatunga uzi, akalishona kochi upya, bunduki ikiwa humohumo ilimokutwa. Robo saa baadaye kochi lilikuwa juu ya pikapu limekazwa kwa kamba, na wao watatu wamebanana mbele, barakoa za korona usoni.

Walipita roboti ya kwanza, maana ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huko, wakapita ya pili. Kwenye ya tatu, askari wa jiji walikuwa wamefunga barabara wakikagua leseni za udereva. Ignace alianza kunong'ona sala kwa Kifaransa. Askari mmoja kijana alikuja dirishani, akazikagua karatasi, akauliza kochi linapelekwa wapi.

Tabia alimfinya mumewe paja. Ingetosha kusema La Rochelle, kwa msusi. Askari tayari alikuwa amewarudishia karatasi. Lakini Mwadini alimwona Swedi amesimama mbele ya watu wenye sare, akisema ukweli uliochelewa. Wa kwake hakutaka uchelewe.

"Linakwenda polisi," alisema kwa Kizulu chake cha sokoni. "Ndani kuna rashasha. Tunaisalimisha."

Askari alicheka. Kisha akaacha kucheka. Kufumba na kufumbua walikuwa nje wote watatu, mikono juu ya boneti, redio za askari zikipiga kelele. Jambo la ajabu, Mwadini hakutamani kukimbia. Alirudia maneno yaleyale mara tatu, na Tabia akataja jina la sajini. Mkubwa wao akafikiri, akatoa amri, na pikapu ya Ignace ikaingia kituoni ikisindikizwa na magari mawili ya ving'ora, watu wa Jules wakitoka madukani kutazama kochi linalopita kama harusi.

Kwenye kaunta kukazuka ubishi. Askari wa jiji alisema hawa wamekamatwa barabarani, hawakusalimisha kitu. Ndipo sajini mwenyewe alipojitokeza, mwanamke mnene mwenye miwani, akafungua kitabu cha matukio, akaweka kidole juu ya mstari mmoja. Saa nne na dakika kumi: Tabia, Malvern, bunduki ndani ya kochi, wako njiani.

"Eish, mama alipiga simu kabla hujawaona," alimwambia yule askari. "Hawa ni wageni wangu."

Kochi liliteremshwa uani, na Mwadini akaombwa alifumue, maana hakuna aliyejua mishono yake. Wataalamu wawili wenye glavu wakaitoa silaha taratibu. Watu waliopanga foleni kusalimisha silaha zao wakanyoosha shingo kutazama. Mzee mmoja wa Kizungu aliyeleta bunduki ya baba yake ya kuwindia nyati, ambayo leseni yake ilikwisha muda, alitikisa kichwa akasema yeye ataomba leseni upya na huenda akarudishiwa yake, ila ile haitarudi kwa mtu yeyote, na afadhali iwe hivyo.

Mwadini aliandika jina lake kwenye fomu, akaweka alama za vidole, akapewa stakabadhi yenye mhuri. Nje, juani, aliisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini, akaisoma tena. Tabia akamkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Jules wala kwingineko.

Habari zilitembea haraka kuliko pikapu. Jumamosi, kabla ya adhuhuri, wanawake wawili wa Kikongo na mlinzi mmoja Mrundi walikuja kibandani kwa zamu, wakiuliza kwa sauti ya chini inakuwaje. Kila mmoja alikuwa na bastola ya marehemu au ya mtu aliyehama. Mwadini aliliweka kando kochi la Héritière, alilorudishiwa na polisi, Tabia akampigia sajini kwanza kwa ajili ya kila mmoja wao, na Ignace akawapeleka bila kudai hata mafuta.

Mwezi wa sita sajini alipiga simu. Bunduki ile ilikuwa imepimwa; haikuhusika na uhalifu wowote uliojulikana, na ilikuwa kwenye orodha ya kuyeyushwa. Mwadini alishukuru, akakata simu, akamweleza mkewe. Siku hiyo walifunga kibanda mapema, wakaenda kula kuku wa kuchoma, wakacheka mpaka mwenye mgahawa akawauliza wamepata mtoto au wamepata nyumba.