Ufunguo wa Stoo

Kijana wangu wa kwanza alipofungia jembe langu stoo, nilidhani ananitania. Alitia kufuli, ufunguo akautia mfukoni, akasema, "Mama, umelima ya kutosha. Sasa pumzika. Watu wanasemanga nimekutupa huku ulime kama kibarua."

Kumbe shida ni midomo ya watu! Aliniachia kochi jipya, akaniandikia mtu wa kulima, akarudi Nairobi.

Nilipumzika siku mbili. Siku ya tatu nilifagia uwanja mara nne, hata kuku wakanikimbia. Nikaenda langoni, nikarudi, nikakaa, nikainuka, nikaenda tena. Miguu ikavimba kwa kukaa. Usingizi ukanihama. Mrenda, ile mboga yetu ya majani, ambao tangu niolewe hapa Malava sijawahi kuukataa, ukawa hauna ladha mdomoni.

Yule mtu wa kulima naye hakulima. Alinyunyizia mahindi dawa ya magugu, akaenda zake. Maharagwe, kunde na mrenda nilivyokuwa nimevipanda katikati ya mahindi, vyote vikakauka. Mimi niko kwenye kochi, natazama!

Jirani yangu, mjane kama mimi, akapita na jembe begani. "Mama, siku hizi wewe ni mzungu kabisa," akacheka. Nilitamani kumrushia kiatu. Alipopita nililia, nasema ukweli. Nilimwonea wivu kwa lile jasho lake.

Mwezi wa nane kijana akaja. Akala ugali na kuku, akashiba, akaenda kufungua buti ya gari, kama kawaida. Kwetu mtoto haondoki kwa mamake mikono mitupu. Akasimama pale, anangoja. Mimi nimekaa.

"Mama, mzigo wangu?"

"Mzigo gani?"

"Yale maharagwe. Mboga. Chochote."

"Nilikuwa napumzika, baba."

Akacheka. Akaniona sicheki. Akatembea hadi shambani, akainama katikati ya mahindi, akaona udongo mtupu na majani yaliyoungua. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka.

"Watoto wataniuliza nyanya amewatumia nini."

"Hilo kochi hapo. Libebe, uwaambie ndilo nyanya amevuna."

Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Nilimwona ameumia, nami nikaumia, lakini sikuyarudisha. Nikamwambia, "Mwanangu, hili kochi litaniua. Huku nyuma silali, sili, nazunguka tu."

"Na watu wakisema?"

"Wakisema, waje tulime nao."

Alifunga buti bila kitu ndani. Akapekua mfukoni polepole, akaniwekea ufunguo kiganjani, akaingia garini bila kunitazama.

Gari halikuwa limefika barabarani, na mimi nilikuwa nimeshavua viatu, naelekea stoo.