Gari Dogo la Kwenda Kendu Bay

Niliondoka Kisumu Jumamosi moja ya masika kwa ajili ya mwanamke. Nasema hivyo mapema, kwa kuwa wengi wameniuliza kama lile gari dogo linafaa kununuliwa, nami siwezi kuwajibu bila kumtaja yeye. Mke wangu Awino alikuwa mwalimu kule Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba. Macho ya mama yake yalikuwa yameanza kufifia na kaka zake wote walikuwa mbali kikazi, basi akaomba uhamisho ili awe karibu naye. Mimi nilibaki Kisumu nikisahihisha maandishi katika kiwanda cha kupiga chapa. Jioni nilitembea hadi ukingoni mwa ziwa, nikaitazama milima ya upande wa pili ikigeuka samawati, kisha kijivu, kisha ikipotea kabisa. Mwaka mmoja na miezi mitatu niliishi hivyo. Meli ilikwenda kwa siku zake, si kwa siku zangu. Basi lilinifikisha Jumamosi jioni na kunirudisha Jumapili asubuhi, nami bado sijamaliza kumsikiliza.

Ndipo nikasikia habari za gari. Lilikuwa la Bwana Balwant, mzee wa kilemba mwenye gereji nyuma ya soko. Nilimwandikia Awino barua ya kurasa nne. Akanijibu kwa mistari mitatu: "Usinunue kabla sijaliona. Daktari wa misheni anasema Mama aletwe Kisumu macho yaangaliwe, naye kila siku ana sababu: basi linarusha, meli inayumba. Gari likiwa mlangoni, sababu zitakwisha. Lakini lazima aweze kulipanda."

Basi hilo ndilo lilikuwa pimo.

Saa moja asubuhi, Kisumu. Bwana Balwant alinikabidhi ufunguo huku akilipapasa paa la gari kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Lilikuwa jeupe kama maziwa ya jana, milango miwili, injini nyuma, viti vya mbele vya kukunja ili mtu apite kwenda nyuma.

"Bei iko ndogo kwa sababu gari iko ndogo," akasema. "Mimi hapana danganya. Mtoto yangu alikuwa naendesha, sasa yeye iko Uingereza. Gari nalala tu hapa. Kila asubuhi mama yake nafuta vumbi, halafu nalia. Chukua mpaka Jumatatu. Kama baya, rudisha. Kama zuri, tafadhali usirudishe."

Nilikuwa na daftari. Niliandika: mlio wa injini, mzuri; mlango wa kushoto, uvutwe mara mbili; magoti yangu na usukani, majirani wasiopatana.

Saa mbili, Ahero. Lami ilikuwa imeniimbia njia nzima. Mashamba ya mpunga, mapya wakati ule, yalikuwa yamejaa maji, na ndani yake mbingu imelala kifudifudi. Nilisimama kunywa chai. Mwenye hoteli alitoka na birika mkononi, akanitazama nikijikunjua kutoka ndani, mguu mmoja, kisha mwingine.

"Bwana," akaniuliza, "hili gari umelipanda au umelivaa?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia nakwenda kwa mke wangu.

"Kwa mke?" Akanijazia kikombe hadi ukingoni. "Basi hata ungelivaa kichwani."

Saa tatu na nusu, Katito. Hapo niliiacha njia ya Kisii, nikashika ya Kendu Bay, barabara ya udongo na changarawe. Kwenye mlima mdogo wa kwanza gari lilikohoa, nikarudi gia ya pili, likapanda likinung'unika lakini bila kusimama. Kwenye mashimo lilirukaruka kama mbuzi. Nilimwaza mama mkwe katika kila shimo, nikalikwepa kwa ajili yake. Niliandika: likienda polepole, halitamuumiza. Baada ya daraja la mto Miriu ziwa lilijitokeza upande wa kulia, pana, kimya, na mbali kabisa niliona vibati vya Kisumu viking'aa. Nilikuwa sasa ndani ya milima ile niliyozoea kuitazama jioni. Ilinishangaza kuona kwamba ukiwa ndani yake haina samawati yoyote. Ina mawe, mihogo na watu wanaokuamkia.

Saa sita kasoro, Kendu Bay. Shule zilikuwa zimefungwa siku iliyotangulia. Awino alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake ya ualimu, chaki bado kwenye mkono wa gauni. Hakunikimbilia, kwani majirani walikuwa wametoka. Alilizunguka gari mara moja, taratibu, kidole kikilifuata ubavuni. Aliponifikia alisema, "Kumbe hata kijiko kinaweza kuwa na taa." Lakini mkono wake ulibaki juu ya wangu, kwenye bati lile lililochemka kwa jua, na hakuna kati yetu aliyesikia moto.

Tukaenda nyumbani kwa mama yake, hatua chache kutoka shuleni. Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wasio wa kwetu. Miongoni mwetu Waluo, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hatushikani mikono, hatuketi kiti kimoja, na macho yetu hayakawii yanapokutana. Mimi humwita Maro, yeye huniita Ora, na tunayoambiana hupitia kwa Awino, hata tukiwa tunasikiana vizuri.

Maro alitoka na fimbo yake. Nilisogea pembeni. Akaliendea gari, akalisoma kwa viganja: taa, kioo, mpini wa mlango. Awino akakikunja kiti cha mbele. Mama akainama, akaingiza mkono ndani, akapima kwa dhiraa kutoka kiti cha nyuma hadi mgongo wa kiti cha dereva. Akapima tena. Kisha akajinyoosha.

"Awino, mwambie Ora gari lake ni zuri."

"Amesikia, Mama."

"Mwambie. Halafu mwambie kwamba kati ya magoti yangu na mgongo wake haiwezi kupita hata kuku. Nimekaa na heshima yangu miaka yote hii. Humu ndani nitaikalisha wapi?"

Nilisimama na daftari langu. Nilikuwa nimepima oili, petroli, tairi, mlima na mashimo. Mimi, mtoto wa Mluo, niliyemtolea ng'ombe mama huyu, sikupima umbali kati ya mgongo wangu na magoti yake.

Jioni Awino alinipikia samaki. Alianza kucheka akikumbuka kuku yule, kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Ukilirudisha hatakwenda," akasema. "Anaogopa kuambiwa amepofuka. Sasa amepata sababu ambayo hata mchungaji hawezi kuipinga."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa naye. Unataka nimwache ahesabu nguzo za nyumba kwa vidole?"

Aliweka mkono wake shavuni mwangu, nikausikia unanuka chaki na limau, na nikajua kwamba hata akiwa hapa, karibu kiasi hiki, nimeanza kumkosa. Baadaye alisimama ghafla, akafungua sanduku, akatoa leso.

Jumapili, saa nne asubuhi. Nilitumwa nikasimame nyuma ya ua wa minyaa na kuligeuzia gari mgongo. Nilisikia mlango ukivutwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilisikia Mama akiuliza, "Hii leso ya nani?" na Awino akijibu, "Yako, Mama, ile ya maua mekundu." Kisha sauti ya Mama: "Basi nyuma ya leso yangu niko nyumbani kwangu. Ora asigeuke tu."

Awino alikuwa ameifunga leso kutoka ubavu hadi ubavu, nyuma ya viti vya mbele, ikaning'inia kama pazia. Wao wawili walikaa nyuma yake, kwa kuwa Mama hakukubali kukaa huko peke yake. Mbele nilibaki na kiti kitupu. Nilipotazama kioo nione njia nyuma, kilinionyesha maua mekundu tu. Nilikuwa nimesafiri njia yote ile ili niwe na mke wangu ndani ya gari moja. Sasa alikuwa umbali wa dhiraa moja, nasikia pumzi yake, nasikia akimweleza mama yake ziwa lilivyo, nami siwezi kuuona uso wake. Niliendesha hivyo hadi Miriu. Sijawahi kumtamani mtu kuliko nilivyomtamani yule aliyekaa nyuma ya kitambaa.

Saa sita na nusu, kabla ya Katito. Mvua ilikuwa imetutangulia. Udongo mweusi wa Nyakach ukilowa hunata kama ugali mbichi, na pale penye bonde gari liliketi. Magurudumu yalizunguka, matope yakaruka, likazidi kuketi. Jumapili, hakuna mtu njiani. Nilishuka, nikasukuma peke yangu, nikateleza hadi magotini.

Nyuma ya leso kulikuwa na mashauriano. Kisha Awino akatoka, akakaa kwenye kiti changu, na baada yake akatoka Maro, miguu peku, gauni amelifunga kiunoni.

"Mwambie Ora ashike kona ile. Mimi nitashika hii."

"Mama, wewe mgonjwa!"

"Macho ndiyo magonjwa. Mabega yanaona."

Akapapasa, akaipata kona yake. Mimi nilikuwa kwenye yangu. Kati yetu kulikuwa na upana mzima wa gari, injini ikitetemeka katikati, moto, kama jiko la nyumba mbili. Nafasi tuliyoikosa ndani tuliipata huku nje, ikatosha.

"Nikanyage ipi?" Awino akapiga kelele.

"Ya kulia! Polepole!"

"Polepole ni kiasi gani?"

"Kama unaamsha mtoto!"

Akaliamsha kama anayefukuza nyani. Matope yakatupaka wote wawili, mimi na Maro, kuanzia usoni. Gari likayumba, likasita, na hapo Maro akasahau kila kitu. "Sukuma, Ora! Sukuma!" Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia bila kulipitisha kwa mtu. Nikasukuma kwa yote niliyokuwa nayo. Gari likachomoka, likaenda na mke wangu mbele, likazimika juu ya changarawe kavu. Mama mkwe na mkwe tulibaki tumesimama kwenye matope, tukitazama pande tofauti, tukihema.

Jioni, Kisumu. Desturi haimruhusu Maro kulala kwangu, basi tulimpeleka mtaa wa Manyatta kwa binti wa dada yake. Alinawa, akakaa mlangoni. Mimi nilisimama uani, mbali kidogo.

"Awino," akasema, "mwambie Ora gari hili ni dogo kwa watu watatu."

Nililifunga daftari langu.

"Lakini kwa wawili linatosha. Alinunue. Binti wa kaka yako amemaliza shule, atakuja kukaa nami Kendu Bay. Nimeshatuma neno. Wewe omba kurudi hapa. Mimi macho yakishaangaliwa nitarudi na meli."

"Mama, meli inayumba, ulisema."

"Nilisema mengi."

Awino hakunitafsiria neno hata moja. Alikuwa amegeukia ukuta.

Jumatatu sikulirudisha gari. Bwana Balwant alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mkewe akaja na kitambaa, akalifuta kioo kwa mara ya mwisho.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza: linafaa. Hupanda milima likilalamika, petroli huionja tu, na udongo wa Nyakach halipatani nao. Lakini msilinunue mkidhani litaufuta umbali. Nilidhani hivyo. Nilijifunza kwamba umbali huo ulikuwa na watu wawili upande wa pili, na nilipomvuta mmoja kuja kwangu, kamba ilikaza mkononi mwa mwingine.

Jumamosi, gatini. Daktari alikuwa amemshughulikia Maro jicho la kulia, akalifunga kwa pamba na bandeji, akasema kuna matumaini. La kushoto liliona kivuli tu. Binti wa dada yake alimshika mkono, wakapanda. Meli ilipopiga honi Mama alisimama ukingoni mwa meli, akainua mkono kutuaga. Lakini aliupungia upande wa mabanda ya mizigo, ambako hapakuwa na mtu, ila magunia na winchi. Nilimwita. Honi ilinifunika.

Awino aliniachia mkono. Alikimbia kando ya maji, viatu mkononi, akapita watu na magunia, akaenda kusimama penye mabanda, pale pale mama yake alipokuwa akipungia mkono.